Sauti Zilizookotwa Jaani



Kwa miaka tisa mmeliona jina langu chini ya ukurasa wa mapato na matumizi, ukurasa ambao najua wengi wenu huuruka ili mfike haraka kwenye picha za harambee. Siwalaumu. Mwaka huu kamati imeniomba niongeze ukurasa wa historia, na mwenyekiti akaniambia, "Andika chochote, mradi usituwekee majedwali." Basi hakuna majedwali. Ila mtanivumilia nikirudi kwenye daftari la mali ya chama, kwa sababu habari hii inaishia huko, na ndani yake kuna deni langu.

Nitaandika juu ya muziki wa kantri. Anayetaka kucheka na acheke, lakini ajiulize kwanza Krismasi ya kwao ilikuwaje. Kule kwetu milimani, kabla mbuzi hajachinjwa, redio ilikuwa imeshawashwa na Jim Reeves ameshaanza kuimba. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa reli pale Voi, na kila alipopanda Wundanyi mwisho wa mwezi alikuja na sukari, mkate na kaseti. Mama hakujua Kiingereza cha nyimbo zile, lakini aliziimba zote kwa maneno yake mwenyewe, na mpaka leo mimi nayajua maneno ya mama kuliko yale ya santuri. Sisi watoto tulidhani Jim Reeves ni mtu wa Mombasa. Nilikuwa sekondari nilipoambiwa kwamba alikuwa Mmarekani wa Texas, na kwamba alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, kabla hata baba hajamposa mama.

Hank Williams nilimjua baadaye sana, nikiwa tayari nafanya kazi Nairobi. Mwenzangu wa ofisini, naye mpenzi wa nyimbo hizo, alinipa rekodi ambayo haikuwa ya studio. Ilikuwa kipindi kizima cha redio cha mwaka 1951, kama kilivyosikika asubuhi ile: salamu, utani, tangazo la unga, wimbo, fidla peke yake, wimbo wa dini, kisha kwaheri ya kesho. Nilikisikiliza kwenye msongamano wa magari wa Mombasa Road nikasahau kukasirika. Nikaanza kufuatilia kipindi kile kilitoka wapi na kilitufikiaje, na huko ndiko nilikokutana na habari ninayotaka kuwasimulia.

Tuanze na kituo chenyewe, maana hapa mhasibu ana la kusema. WSM ya mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, ilianza kurusha matangazo mwaka 1925, na mwenyewe alikuwa kampuni ya bima, National Life and Accident. Herufi zake tatu zilitokana na msemo wa kampuni hiyo, kwamba inawakinga mamilioni. Bima yao haikuwa ya matajiri. Mawakala walipita mlango kwa mlango kila wiki wakikusanya senti kutoka kwa vibarua na wakulima, vile vile mweka hazina wa kikundi cha akina mama anavyopita na kitabu chake siku ya Ijumaa. Wateja wa namna hiyo walipenda fidla na banjo za kwao vijijini. Tarehe 28 Novemba 1925 kituo kikamketisha mbele ya kipaza sauti mzee wa miaka 77, Uncle Jimmy Thompson, akapiga fidla, na kipindi kilichozaliwa usiku ule ndicho kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry. Bado kipo hadi leo. Kufikia mwaka 1932 mtambo ulikuwa na nguvu ya wati 50,000, na usiku ulisikika katika sehemu kubwa ya Marekani. Wakala aliyebisha hodi kwa mkulima hakuwa na haja ya kujieleza sana. Redio ilikuwa imeshamtangulia.

Kwa maana hiyo, katika vitabu vya kampuni, muziki ule wote ulikuwa gharama za matangazo. Nawaomba mkumbuke jambo hilo, litatufaa mbele.

Hank mwenyewe alizaliwa Alabama mwaka 1923, katika familia isiyo na kitu. Baba yake aliendesha treni ya kampuni ya mbao, kisha akalazwa miaka mingi hospitalini, na mama ndiye aliyeilea nyumba. Mtoto alikuwa na kasoro ya uti wa mgongo iliyomtesa maisha yake yote, na pombe aliyoinywa kuituliza ikamtesa zaidi. Gitaa alifundishwa na mwanamuziki Mweusi wa barabarani, Rufus Payne, ambaye watu walimwita Tee-Tot. Huyo nitamrudia. Tarehe 11 Juni 1949 Hank alipanda jukwaa la Opry kwa mara ya kwanza, akaimba "Lovesick Blues", na watu wakamrudisha tena na tena. Miaka miwili baadaye hakukuwa na mwimbaji wa kantri aliyempita kwa jina.

Sasa njooni kwenye unga. Huko Decatur, Alabama, kulikuwa na kinu kilichouza unga wa ngano kwa jina la Mother's Best. Mwaka 1951 wenye kinu walilipia robo saa kila asubuhi ya siku za kazi kwenye WSM, kuanzia saa moja na robo, na aliyewekwa hapo kuimba na kuusifu unga alikuwa Hank Williams. Fikirieni saa hiyo. Mama yuko jikoni na unga mikononi, mzee anavaa viatu, watoto wanatafuta vitabu. Mwenye unga alijua anachokifanya.

Shida ilikuwa moja. Mwanamuziki wa wakati ule hakuishi kwa redio, aliishi kwa barabara. Jumamosi usiku alitakiwa awe Nashville kwenye Opry, na siku za katikati alikuwa ndani ya gari na bendi yake, leo mji huu, kesho ule, mamia ya maili kati ya ukumbi na ukumbi. Saa moja na robo asubuhi ya Jumatano angewezaje kuwa studio? Kwa hiyo, alipokuwa mjini, walikaa wakapiga vipindi kadhaa mfululizo vikanaswa kwenye sahani, na akiwa safarini kituo kikawa kinacheza sahani moja kila asubuhi kana kwamba yuko pale. Hakuna aliyefikiria kumbukumbu. Walikuwa wanaziba pengo.

Sahani zenyewe si kama santuri ambazo baadhi yenu mnazo bado chini ya kitanda. Zilikuwa na upana wa inchi 16, za alumini iliyopakwa laki laini, na sindano ilichimba sauti moja kwa moja kwenye laki ile wakati mtu anaimba. Upande mmoja ulitosha robo saa. Laki ile ni laini mno, na kila ukiicheza sindano inakwangua kidogo. Ilitengenezwa ichezwe mara chache kisha itupwe. Mimi ningeiandika kwenye matumizi ya ofisi, pamoja na karatasi na wino, wala isingefika kwenye daftari la mali.

Na kwa sababu hakuna aliyeiona kuwa mali, hakuna aliyejipamba. Hapo ndipo utamu ulipo. Studio ya kampuni ya santuri ilikuwa na saa yake, gharama yake na bosi wake, na wimbo ulirudiwa mpaka ukanyooka. Kwenye kipindi cha unga wanafanya mzaha. Mtangazaji Louie Buck anamchokoza Hank, Hank naye anamrudishia. Jerry Rivers anaachiwa fidla, Don Helms analifanya gitaa lake la chuma lilie, na huku nyuma unawasikia wenzao wakishangilia kama watu walioketi barazani. Hank anausifu unga kwa sauti ya mtu anayeula kweli. Kisha anapunguza sauti na kusema sasa ni wakati wa wimbo wa dini, na mtu yule mlevi, ambaye ndoa yake ilikuwa inavunjika, anaimba kama shemasi. Mke wake, Audrey, anasikika kwenye baadhi ya vipindi. Wenye masikio husema sauti zao zilikuwa zinagombana hata kwenye kipaza sauti, nami sitapinga.

Tena aliimba nyimbo ambazo hakuzirekodi mahali pengine popote. Nyimbo za wenzake, nyimbo za zamani za kanisani, nyimbo za mama yake. Santuri zote alizozitoa kwa jina lake akiwa hai ni nyimbo chache, hazifiki 70. Sahani za unga zilizosalia zina vipindi vipatavyo 70, na ndani yake ameimba zaidi ya mara 140. Fanyeni hesabu wenyewe. Sehemu kubwa ya Hank Williams tuliyonayo leo ilikuwa kwenye karatasi na wino.

Mwisho wake mnaweza kuwa mnaujua. Mwezi Agosti 1952 Opry ilimfukuza kwa ulevi na kukosa maonyesho. Alfajiri ya tarehe 1 Januari 1953 alikutwa amekufa kwenye kiti cha nyuma cha gari, akipelekwa kwenye onyesho huko Canton, Ohio. Alikuwa na miaka 29. Nina vijana hapa chamani wenye miaka 29 ambao bado tunawaita watoto.

Miaka ikapita. Kinu kilikuwa kimeshamaliza shughuli yake na redio, mdhamini hakuwa na haja na matangazo ya zamani, na sahani zikabaki kwenye makabati ya WSM. Kisha kituo kikahama ofisi. Waliowahi kuhama ofisi wanaijua siku hiyo: kila mtu amechoka, lori linangoja, na mwenye kalamu ndiye anayeamua kipi kinakwenda na kipi kinabaki. Sahani za unga zikaamuliwa taka. Zilikuwa zimeshatupwa wakati mpiga picha wa Opry, Les Leverett, alipoziona na kuziokoa. Kazi yake ilikuwa kupiga picha, sahani hazikumhusu hata kidogo. Hakuwa msimamizi wa kumbukumbu wala ndugu wa marehemu. Alipita tu akaona.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Rekodi zilipita kwa Hillous Butrum, aliyewahi kumpigia Hank besi, na baadaye kampuni moja iitwayo Legacy Entertainment Group ikasema ina haki ya kuziuza. Kampuni kubwa ya PolyGram, iliyorithi mikataba ya MGM ambayo Hank aliimbia, ikasema hapana, kila alichoimba wakati ule ni chetu. Wakaenda mahakamani. Na watoto wa Hank nao wakaingia: Hank Williams Jr., na Jett Williams, binti aliyezaliwa siku tano baada ya baba yake kufa, akalelewa na watu wengine, na akahitaji mahakama kumthibitisha kuwa ni mtoto wa baba yake.

Kesi hii nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndiyo aina ya swali linalomtoa mhasibu usingizini. Mali ni ya nani? Mmoja anayo sahani mkononi. Mwingine anao mkataba wa marehemu. Wa tatu hana chochote ila damu. Mwezi Januari 2006 Mahakama ya Rufani ya Tennessee ilithibitisha kwamba mkataba wa MGM ulihusu rekodi za MGM na haukugusa vipindi vya redio. Ikasema pia kwamba kuwa na sahani mkononi hakumpi mtu haki ya kuiuza sauti iliyomo. Haki ile ilibaki kwa warithi wa mwimbaji. Sehemu ya kwanza ya rekodi ikatolewa na Time Life mwaka 2008, na mwaka 2010 zikatoka zote, diski 15 ndani ya sanduku lenye umbo la redio ya zamani.

Jett Williams hakuwahi kumwona baba yake hata siku moja. Leo anazo saa nyingi za baba yake akiongea, akicheka, akikosea maneno na kujirekebisha.

Niliposoma habari hii hadi mwisho, nilifungua kabati langu na kutoa nakala ya orodha ambayo nilikuwa naikwepa kwa miaka kadhaa.

Mwaka 2012 chama chetu kilihama kutoka kile chumba cha kupanga kule Mombasa. Wengi mnakikumbuka, kilikuwa juu ya duka la vitambaa na kilivuja. Kamati ilinituma niandae orodha ya mali: ipi tuhamishe, ipi tuuze, ipi tutupe. Nilifanya kazi safi. Kabati la chuma, moja. Mashine ya chapa, moja, mbovu. Viti vya mbao, sita, vinne vizima. Na kwenye mstari wa kumi na moja, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Kaseti kuukuu, maboksi mawili. Thamani: sifuri. Zitupwe." Nikatia saini. Hakuna aliyeuliza, na mimi mwenyewe sikuzisikiliza hata moja.

Kaseti zile zilikuwa za harambee za miaka ya 1980: ya zahanati, ya madarasa, na ile ndefu ya maji. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa na redio yenye kinasa sauti, akawa anaiweka mezani kila mkutano ili katibu aandike kumbukumbu baadaye bila kubishana na mtu juu ya nani aliahidi mbuzi na nani aliahidi mabati. Kwake yeye pia kaseti ilikuwa kitu cha kuziba pengo. Lakini ndani yake walikuwemo wazee waliozungumza Kidawida ambacho sisi hatukijui tena, na akina mama walioimba nyimbo za kuita watu kwenye kazi ya pamoja, na kwaya, na mabishano.

Nililijua hilo mwaka 2016, mama mmoja kutoka upande wa Mwatate aliponifuata baada ya mkutano mkuu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mkono hakuuachia. "Mwanangu, nimeambiwa sauti ya mzee wangu iko ofisini kwenu. Alisema siku ya zahanati. Wajukuu hawakumwona. Naomba niwasikilizishe." Mume wake alifariki mwaka 1987. Hakuacha picha ila ile ya kitambulisho.

Nikamwambia nitaangalia. Naandika hapa, mbele ya wanachama wote, kwamba wakati nasema vile nilijua kaseti ziko wapi.

Sasa nimrudie Rufus Payne. Alitembea miji midogo ya Alabama akipiga gitaa barabarani, na mtoto mwembamba wa Kizungu akamfuata. Chakula ndiyo karo aliyolipwa, mama yake Hank akimpikia. Hank mwenyewe alipokuwa maarufu alitaja hadharani kwamba mzee yule ndiye aliyemfundisha. Payne alikufa Montgomery mwaka 1939, fukara. Hakuna rekodi yake hata moja. Mwanafunzi anayo sanduku lenye diski 15 la umbo la redio, na mwalimu hana hata sekunde. Wataalamu wa muziki wanaweza kusikiliza mdundo wa Hank na kukisia vidole vya Payne ndani yake, lakini hiyo ni kukisia tu. Hakuwahi kupata mdhamini wa unga.

Na msidhani haya ni mambo ya Marekani peke yake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika na mashine ya kurekodi, alifika kwa jirani zetu Wakipsigis huko Kericho. Kabla yake santuri za Jimmie Rodgers, yule mfanyakazi wa reli wa Mississippi anayeitwa baba wa muziki wa kantri, zilikuwa zimeshafika huko na gramafoni za wageni. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933, lakini watu walilisikia jina lake wakaligeuza kuwa Chemirocha, wakamtungia nyimbo zao kwa vinanda vyao vya nyuzi. Tracey akawarekodi wasichana wakiimba. Rekodi ile ikaenda kukaa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Ikapita zaidi ya miaka 60. Miaka ya 2010 watafiti wa maktaba ile na wenzao wa Kenya wakarudi Kericho na Bomet na nakala mkononi, wakitafuta wenyewe, na wakawakuta wachache bado wako hai, wazee sasa, wakasikilizishwa ujana wao. Baba yangu angelipenda hilo la Rodgers kuwa mtu wa reli. Angelisema, "Unaona? Reli."

Nimeitaja Kericho kwa sababu inaonyesha kwamba kurudisha sauti nyumbani kunawezekana, hata baada ya muda mrefu. Kwa upande wetu habari si kamili namna hiyo.

Mwaka juzi nilimtafuta mlinzi wa lile jengo la Mombasa. Amestaafu, anaishi Likoni. Nilipomwambia nilichofuata alicheka, akasema maboksi yale aliyaona nje siku ile ya kuhama, akachukua moja kwa sababu kaseti ilikuwa ni pesa, akawa anarekodia kwaya za redio juu yake. La pili lilikwenda na gari la taka. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki: kaseti 19. Nikataka kumlipa. Akakataa pesa, akasema nimletee ndizi za kwetu nikirudi. Nilimletea.

Katika hizo 19, kaseti 11 bado zina sauti ya zamani, nyingine kwa dakika chache tu kabla kwaya haijaingia. Moja ndiyo iliyoniketisha chini. Ina lebo ya zahanati, kwa mwandiko wa mwalimu. Inaanza na muziki wa kantri, Jim Reeves, kutoka redioni, na mawimbi yanapanda na kushuka. Nadhani ni mwalimu mwenyewe, alitumia kaseti yake ya nyumbani kwa sababu chama hakikuwa na pesa za kununua mpya. Baada ya dakika kama nne wimbo unakatika katikati, kuna mshindo wa kidole kwenye kitufe, halafu upepo, kuku, watoto, na mwanamume anaita kwa Kidawida majina ya waliotoa. Mbuzi. Shilingi 20. Mifuko miwili ya saruji. Siku mbili za kuchimba. Mtu anapoitwa, watu wanampigia makofi ya mpango, na mama mmoja anapiga vigelegele.

Nilimpelekea yule mama wa Mwatate, nikamwekea masikioni. Alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye ukuta. Alimtambua anayeita majina, alimtambua aliyepiga vigelegele, akawataja wote na koo zao, nami nikaandika. Kisha akavua vile vya masikioni akanirudishia, akasema, "Bado hajafika mzee wangu. Angalia na hizo nyingine." Tumeziangalia zote 11. Hayumo.

Kwa hiyo mwaka huu, katika ukurasa wa makadirio, mtaona fungu jipya ambalo halikuwepo. Si kubwa, liko chini ya fungu la mabomba na juu ya lile la bursari, na limepigiwa kura na kamati. Ni la kununua mashine nzuri ya kuchezea kaseti, kumlipa fundi wa kuzihamishia kwenye kompyuta, na kuwalipa vijana wawili wanaojua Kidawida waandike kila kinachosemwa. Kwa kufuata yale niliyoyasoma kwenye ile kesi ya Tennessee, kamati imekubali pia kwamba chama kitatunza kaseti, lakini sauti ni ya familia. Kila ukoo utakaotambua mtu wake utapewa nakala bila malipo, na hakuna kitakachouzwa wala kuwekwa hadharani bila familia kukubali kwa maandishi.

Pia tunajua kwamba mwalimu hakuwa peke yake. Kulikuwa na redio zenye vinasa sauti Mgange, Werugha, Bura, na kwa wale waliofanya kazi bandarini na relini. Kama kwenu kuna kaseti ya harambee, ya harusi, ya matanga, hata kama juu imeandikwa Jim Reeves, msiitupe. Msiirudishe nyuma na msiijaribu kwenye redio kuukuu, maana inaweza kuukata utepe. Ifungeni kwa karatasi kavu, andikeni jina la aliyekuwa nayo na kijiji, mkabidhi kwa mweka hazina siku ya harambee. Nitakuwa kwenye ile meza ya risiti, na nitawaandikia stakabadhi. Katika safu ya thamani nitaacha wazi.

Ninayoitafuta kuliko zote ni ya siku ya ufunguzi wa zahanati, mchana, baada ya chakula. Mama yule anasema mzee wake alisimama baada ya chifu na kabla ya kwaya ya akina mama, na kwamba aliongea kidogo tu, kwa sababu hakuwa msemaji.